Mbegu Nyekundu Chini ya Saikasi

Saikasi ilikuwa imesimama karibu na geti la nyumba yetu ya Rau, hapa Moshi, tangu kabla hatujahamia. Ni ule mmea unaofanana na mnazi mfupi, ambao watu wa pwani huuita mtapo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiupalilia na kupunguza majani yake makavu. Mwaka juzi ulizaa mbegu nyekundu zinazokaribia rangi ya chungwa, zikadondoka chini, na mbwa wetu Simba, aliyekuwa na miezi minane na tabia ya kutafuna kila alichokikuta, akazila.

Jioni ile alitapika mara tatu, akakataa chakula. Nilimpa maziwa, kama wengi wetu tulivyofundishwa nyumbani kwamba maziwa huvunja sumu. Kesho yake aliamka akitembea, akanywa maji, akatikisa mkia watoto walipotoka shule, nami nikamshukuru Mungu kwamba yamepita. Siku ya tatu weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano. Daktari wa mifugo alipofika alifunua mdomo, akatuonyesha ufizi uliokuwa na rangi ileile, akasema ini limeharibika. Simba alikufa kesho yake jioni.

Sumu hiyo huitwa saikasini. Imo katika kila sehemu ya mmea, lakini imejaa zaidi katika mbegu, na mbegu moja au mbili zinaweza kumuua mbwa. Kinachoniumiza hadi leo ni ile siku ya pili. Laiti ningemwita daktari usiku ule wa kwanza, pengine angeweza kumtapisha na kumpa mkaa maalumu wa dawa unaonasa sumu tumboni kabla haijaingia katika damu. Mimi nilidhani mbwa aliyeacha kutapika amepona, kumbe ini lilikuwa likiendelea kufa kimyakimya.

Tangu hapo nimejifunza kwamba kila mmea wenye sumu una mwendo wake. Difenbachia, lile ua la ndani lenye majani mapana yenye mabaka meupe, hujitangaza papo hapo, kwa kuwa fuwele zake huchoma ulimi kama sindano, na mbwa hudondosha mate na kusugua mdomo kwa miguu. Utomvu wa manyara, ambayo wengi tumeifanya ua wa kuzungushia kiwanja, nao huwasha mara moja, na ukiingia machoni ni hatari kwa mbwa na kwa mtu pia. Mimea ya namna hii siiogopi sana, kwa sababu mbwa huiacha mapema.

Ninayoiogopa ni oleanda, ile ya maua ya rangi ya waridi na ile ya maua ya manjano yenye umbo la kengele. Sumu yake hulenga moyo: mbwa hutapika, mapigo yanakwenda polepole au yanapotea mpangilio, na anaweza kufa baada ya saa chache tu. Majani yaliyokauka hayapotezi sumu, kwa hiyo matawi yaliyokatwa na kuachwa uani yakisubiri kuchomwa ni hatari sawa na mti wenyewe.

Mnyonyo hauhitaji hata kupandwa, kwani hujiotea wenyewe kando ya shimo la taka. Mbegu ikimezwa nzima inaweza kupita bila madhara, lakini ikitafunwa hutoa sumu kali, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku nzima au zaidi. Mafuta ya nyonyo yaliyotayarishwa vizuri hayana sumu hiyo, ila mashudu yanayobaki baada ya kukamua yanaweza kuwa nayo. Ukiyatumia kama mbolea, ujue kwamba harufu yake huwavuta mbwa wayafukue.

Nimeulizwa na ndugu kuhusu masale, ule mmea wa majani marefu tunaouheshimu sisi Wachagga, kwa kuwa nayo yana sumu kwa mbwa. Ni kweli yana kemikali iitwayo saponini, na mbwa akiyatafuna hutapika, hutokwa na mate na kulegea, ingawa ni nadra kufa. Lakini masale ndiyo mipaka ya vihamba vyetu, yaani mashamba yetu ya ukoo, ndiyo alama ya makaburi ya wazee wetu, na ndiyo tunayoyabeba tunapokwenda kuomba msamaha. Siwezi kumshauri mtu ayang'oe. Nimezungushia yangu wavu mfupi, na mbwa tuliye naye sasa hayafikii.

Akila kitu nisichokijua, sasa ninampigia daktari simu palepale hata kama anacheza, na ninabeba kipande cha mmea au mbegu ili daktari auone. Maziwa simpi, wala chumvi ya kumtapisha, kwa sababu chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa mbwa. Kumtapisha ninamwachia daktari, maana mbwa anayetetemeka au aliyelegea anaweza kupaliwa na matapishi yakaingia mapafuni.

Saikasi tuliing'oa na mizizi yake wiki ileile. Mbegu zilizokuwa zimefukiwa udongoni ziliendelea kujitokeza kila mvua iliponyesha, na hadi masika yaliyopita nilikuwa bado ninaziokota.