Spika moja ililia saa 100, nyingine ikabaki kwenye boksi

Usiku wa kwanza nilizima baada ya nyimbo tatu. Spika nilizozidunduliza miaka minne zilikuwa zimesimama mbele yangu, bado zinanukia vanishi, na mwimbaji ninayempenda kuliko wote alikuwa ananifokea. Sikuwa nimefungulia sauti kubwa. Ila sauti yake ilitoka imechongoka, inachoma pale pale kwenye maneno, na gitaa la besi lilikuwa na nota moja tu iliyovimba. Nyingine zote zimekonda.

Nikampigia aliyeniuzia.

"Hizo bado mpya, kaka," akasema. "Zipe saa 300. Koni hazijalainika."

Kijitabu cha spika kilisema saa 100. Muda wa kurudisha mzigo ulikuwa siku 30. Piga hesabu mwenyewe: saa 300 ndani ya siku 30 ni saa kumi kila siku, Jumapili haipumziki. Mwenye kazi na familia atazifikisha lini, na wakati huo risiti itakuwa na faida gani? Simtuhumu muuzaji, huenda aliamini alichosema. Lakini hesabu ile ilinikwama kooni, na ndiyo iliyonifanya nianze kupima badala ya kusubiri.

Habari ya kulainisha spika si uzushi. Koni, ile sehemu kama bakuli inayotikisika, imeshikwa na vitu viwili: ule mpira wa pembeni unaouona ukivua wavu, na nyuma yake, usikoona, kuna kitambaa duara kilichokunjwa mikunjo kama mawimbi. Kazi yake ni kuishika koili, waya uliozungushwa unaoisukuma koni, katikati ya sumaku isigusane na kuta. Kitambaa hicho hupakwa resini na kukandamizwa kwa joto ili kipate umbo, kwa hiyo kikiwa kipya ni kikavu. Koni ikienda mbele na nyuma mara maelfu, nyuzi zinalegea kidogo na spika inaanza kucheza kwa uhuru zaidi. Hilo halina ubishi. Ubishi ni kiasi gani, na je, sikio linalijua?

Njia waliyozoea wengi ni kuzielekeza spika mbili uso kwa uso, zikaribiane sana, kisha kwenye moja unageuza waya: nyekundu kwenye nyeusi, nyeusi kwenye nyekundu. Moja ikisukuma, nyingine inavuta. Besi zinauana hapo hapo katikati, unatupia blanketi zito, na nyumba inalala. Ni ujanja mzuri. Mimi sikuutumia, kwa sababu nilitaka jambo jingine: nilirudisha spika moja kwenye boksi lake na kulifunga kwa tepu. Iliyobaki nje nikaiandika A, ya kwenye boksi B. Mke wangu aliniuliza kama najua kwamba tumelipia mbili.

Kabla ya hapo nilizipima zote. Kifaa chenyewe ni kidogo, rezista moja na waya zinazoingia kwenye kompyuta, na programu inachora jinsi mzigo wa spika, yaani ukinzani wake kwa umeme, unavyopanda na kushuka kuanzia besi za chini hadi juu kabisa. Maana ile "omu 8" iliyoandikwa mgongoni mwa spika ni jina tu. Ukinzani wenyewe, ambao mafundi huuita impedansi, hautulii: kila nota ina wake. Spika zangu ni za boksi lililozibwa, hazina tundu la hewa, kwa hiyo upande wa besi mchoro unakuwa na mlima mmoja. Kilele cha mlima huo ndipo koni na hewa ya ndani ya boksi zinapocheza kwa pamoja. Siku ya kwanza kilele kilikuwa hezi 58, yaani mitikisiko 58 kwa sekunde, kwa A na kwa B.

A ikaenda chumba cha mizigo. Mchana muziki wenye besi, usiku mlio wa majaribio unaofanana na mvua kwenye bati, kwa sauti ya kutosha tu kuona koni inatikisika. Hapo watu wengi huharibu. Wanafungulia kana kwamba spika inaadhibiwa, koili inapata moto, na wanaanza maisha na spika iliyochoka. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, kwa taarifa, haina kile kitambaa cha nyuma, na mwendo wake ni mdogo mno usioonekana kwa macho, kwa hiyo anayekwambia twita yako inahitaji miezi kulainika mwombe akuonyeshe ni nini hasa kinacholainika.

Baada ya saa 10 nikapima A: hezi 55. Baada ya saa 100: hezi 54.

Yaani kati ya hezi nne zilizoshuka, tatu zilishuka usiku mmoja. Na kushuka kwenyewe si kwingi, jambo ambalo lina sababu. Koni ikiwa ndani ya boksi lililozibwa haishikiliwi na kitambaa peke yake. Hewa iliyofungiwa nyuma yake nayo ni springi, na kwa spika za aina hii ndiyo springi kubwa kuliko kitambaa. Edgar Villchur alijenga spika zake juu ya wazo hilo huko Marekani mwaka 1954: kitambaa kiwe laini, hewa ifanye kazi. Hata kitambaa kilegee kiasi gani, hewa iko vile vile. Ningeichomoa koni na kuipima ikiwa wazi mezani, ningeona badiliko kubwa zaidi, lakini hakuna anayesikiliza muziki kwa koni iliyolala mezani.

Bado lilibaki sikio. Nikaitoa B, nikaziweka zimegusana ubavu kwa ubavu nyuma ya pazia, muziki wa mono (sauti ile ile kwa spika zote mbili), swichi mkononi mwa binti yangu. Nilizilinganisha sauti kwa maikrofoni ya kupimia, maana iliyo juu hata kwa nusu desibeli tu huonekana "bora" na unajidanganya mchana kweupe. Kila baada ya raundi chache binti alizibadilisha nafasi bila kuniambia, nisije nikatambua upande badala ya spika. Raundi 16. Nilipatia 9.

"Baba, hata ukirusha shilingi ungepata nane," akaniambia, na akaenda zake.

Kilichonichekesha zaidi ni kwamba nilipoipima B baada ya jioni ile, ilikuwa imeshashuka hadi hezi 56. Jaribio lenyewe lilikuwa limeilainisha nusu ya safari.

Lakini hizo zote zilikuwa habari mbaya. A yenye saa 100 ilinifokea sawasawa na B iliyotoka kwenye boksi. Mwimbaji bado alichoma, besi bado nota moja. Siku 19 zilikuwa zimepita.

Ndipo nikamwita fundi. Ni mzee aliyetengeneza redio tangu zama za valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, haongei sana, na ana tabia ya kusikiliza akiwa amesimama kwenye korido badala ya kukaa kwenye kochi. Alisikiliza nusu wimbo.

"Mzigo wa spika umeupima?"

"Nimeupima, mzee." Nikamwonyesha mchoro kwa fahari kidogo.

"Na amplifaya umeipima?"

Sikuwa na jibu. Amplifaya yangu ni ya valvu, wati 12 kila upande, naipenda kama mtu anavyopenda saa ya babu yake. Haikuwa kwenye orodha ya washukiwa hata siku moja.

Akachukua mchoro wangu na kuweka kidole sehemu tatu. Kwenye mlima wa besi, hezi 58, mzigo ni omu 30. Kwenye bonde kati ya hezi 110 na 200 unaporomoka hadi omu 3.6. Halafu karibu na hezi 2,200, pale wufa, koni kubwa ya besi, inapoikabidhi kazi twita, unapanda tena hadi omu 24. "Ukifokewa," akasema, "unafokewa wapi?" Hapo hapo. Milima miwili ndiyo nota iliyovimba na maneno yanayochoma. Bonde ndizo zile nota zilizokonda.

Sasa sehemu ninayotaka uisome polepole, kwa sababu mimi ilinichukua miaka kuielewa. Amplifaya nayo ina ukinzani wake ndani, pale inapotolea sauti. Ya transista nzuri huwa na sehemu ndogo sana ya omu. Ya valvu, kwa sababu ya transfoma na valvu zenyewe, inaweza kufika omu mbili au tatu. Ukinzani huo na wa spika wanagawana volti kama ndugu wawili na mkate mmoja: spika ikiwa na omu nyingi inapata karibu mkate wote, ikiwa na omu chache inanyang'anywa. Na kwa kuwa spika ina omu nyingi kwenye nota fulani na chache kwenye nyingine, mgawanyo unabadilika nota kwa nota. Amplifaya inachora upya sauti ya spika kwa kuufuata ule mlima na bonde.

Tulipima. Rezista nene ya omu 16, kisha ya omu 8, mlio mmoja wa hezi 1,000, maltimita ya kawaida. Hatukuiacha amplifaya bila mzigo hata sekunde, maana ya valvu ikiunguruma bila kitu cha kusukuma transfoma yake inaweza kuungua. Volti 3.46 kwa rezista ya kwanza, 3.05 kwa ya pili. Mzee akaandika nyuma ya bahasha, akapata omu 2.5.

Ukiwa na 2.5 ndani, spika kwenye omu 24 inapata asilimia 91 ya volti. Kwenye omu 3.6 inapata asilimia 59. Tofauti hiyo ni desibeli 3.7, na si ya kutafutwa kwa pazia na swichi. Ni kama mtu ameshika vitufe vya ekwalaiza, vile vya kurekebisha besi na sauti za juu, na kupandisha sauti za kati za juu, akashusha zile zinazompa mwimbaji kifua.

Mzee akachukua bisibisi, akahamisha waya kutoka tundu la omu 8 kwenda la omu 4 nyuma ya amplifaya. Matundu yale nilidhani ni ya spika za omu 4 tu, basi, na ya kwangu imeandikwa 8. Kwa kuhama vile ukinzani wa ndani unapungua nusu, unabaki 1.25, na tofauti ya mlima na bonde inashuka hadi desibeli 2 na ushei. Mwimbaji akarudi nyuma hatua moja. Nikakaa.

Bado kulikuwa na kasoro nyingine, na hii kosa ni langu kabisa. Spika hizi zina usikivu wa desibeli 86, yaani ukizipa volti 2.83 (wati moja kwenye omu 8) zinatoa desibeli 86 ukiwa mita moja mbele yake. Wati 12 zinaongeza karibu desibeli 11 tu, unafika 97, na mimi nakaa mita tatu. Kwa maongezi na gitaa inatosha na inabaki. Ngoma zikiingia, vilele vya mawimbi vinakatwa. Mawimbi yaliyokatwa yanazaa sauti nyingi za juu ambazo hazikuwa kwenye muziki, na mzigo huo unamwangukia twita. Ndiyo maana amplifaya ndogo iliyokamuliwa inaweza kuunguza twita ambayo kubwa isingeigusa. Kupanda kutoka wati 12 hadi 24 kunakupa desibeli 3 pekee, kwa hiyo kununua "kubwa kidogo" ni kupoteza fedha.

Rafiki akaniazima amplifaya ya transista, wati 100 kwenye omu 8 na 180 kwenye omu 4. Hiyo namba ya pili ndiyo ya kuangalia. Ikikaribia kuwa mara mbili ya ya kwanza, ujue pawa saplai yake haitapiga magoti spika itakaposhuka kwenye bonde. Ikiwa inaongezeka kidogo tu, au mtengenezaji hajaiandika kabisa, mimi siku hizi napita.

Tuliziunganisha jioni. Zile nota za gitaa la besi zilizokuwa zimekonda zikatokea, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia chumbani kwa zamu. Ule mchomo kwenye maneno haukuwepo. Sitasema kila kitu kilikuwa bora. Ya valvu ilikuwa na namna ya kuacha pumzi ya mwimbaji ikaelea, na hiyo niliikosa wiki nzima, labda kwa mazoea, labda kweli. Lakini nilisikiliza sahani nne mfululizo, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu spika zifike.

Nilinunua inayofanana nayo, ya mitumba. Ya valvu iko chumba cha kusomea, inaendesha spika ndogo za zamani ambazo mzigo wake hauna milima mikali, na hapo imetulia.

Siku ya 31 muuzaji alinipigia mwenyewe. "Vipi, zimelainika?" Nikamwambia zimelainika. Alifurahi sana.

Kimebaki kitu kimoja. Kuna nota ya chini, karibu na hezi 34, ambayo inanguruma nikikaa kwenye kochi na kupotea nikisimama katikati ya chumba. Hiyo si spika wala amplifaya. Ni urefu wa chumba, mita tano, na nusu ya wimbi lake inaenea kutoka ukuta hadi ukuta. Dawa yake ni kulitoa kochi ukutani na kulisogeza mbele kama mita moja. Kwa sasa mazungumzo na mke wangu yamefikia sentimita 40.