Macho ya Bi Mkubwa

Ijumaa ya tarehe 9 Desemba 2011, Sabato iliingia London saa tisa na nusu alasiri na dakika chache. Msimu wa baridi jua la kule ukigeuka tu limeshatua. Kufikia saa nane nilikuwa nimemaliza kila kitu. Mtungi wa umeme wa maji ya chai umejazwa na kuwashwa, swichi yake haiguswi tena mpaka kesho usiku, Sabato itakapotoka. Sufuria ya nyama, maharage na shayiri iko juu ya bamba la moto, iive taratibu hadi chakula cha mchana cha Jumamosi. Taa zimetegeshwa zijizime zenyewe saa tano. Mikate miwili ya kusukwa iko mezani, imefunikwa kitambaa.

Nyumba yenyewe, ya Kiyahudi, ilikuwa Golders Green, kaskazini-magharibi mwa jiji. Mimi ni mtoto wa Mombasa, Mji wa Kale, na nilikuwa nimeajiriwa pale tangu katikati ya 2009 kumtunza mama ambaye sasa alikuwa na miaka 81. Siku ya kwanza nilimwita Bi Mkubwa, maana mdomo wangu ulikataa kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu. Akaniuliza maana yake, nikamwambia, akalipenda. Tangu hapo hata kwenye simu na bintiye alijitaja hivyo: "Bi Mkubwa amelala vizuri."

Alinifundisha nyumba yake kama mtu anavyomfundisha mtoto kusoma. Jikoni kulikuwa na masinki mawili, sufuria za aina mbili, vitambaa vya rangi mbili: vyekundu vya nyama, vya buluu vya maziwa. Mwezi wa kwanza nilikoroga supu ya kuku kwa kijiko kilichotoka kwenye mtindi. Alikichukua kile kijiko mkononi mwangu bila kupaza sauti, akaniketisha, akanisomea: usimtokose mwana-mbuzi katika maziwa ya mamaye. Akaniambia neno hilo limeandikwa katika Torati mara tatu. Sikurudia kosa lile. Mimi mwenyewe nimekulia nyumba ya halali na haramu. Sikuhitaji kuelezwa kwamba sufuria nayo inaweza kuwa ibada.

Alizaliwa Vienna mwaka 1930. Mwaka 1939, akiwa na miaka tisa, wazazi wake walimpandisha kwenye moja ya treni za Kindertransport, zilizowatoa watoto kama 10,000 mikononi mwa Wanazi na kuwaleta Uingereza, watoto peke yao, bila baba wala mama. Aliteremka bandari ya Harwich, akapanda treni nyingine hadi kituo cha Liverpool Street, London, na shangazi asiyemjua akampokea. Wazazi wake walichukuliwa Vienna mwaka 1942, wakapelekwa Maly Trostinec, karibu na Minsk, mahali ambapo watu waliteremshwa wakaenda kupigwa risasi kwenye mashimo. Hakuna kaburi. Hakuna tarehe.

Na Myahudi humkumbuka mzazi kwa tarehe. Kila mwaka siku ya kufa kwake huwashwa mshumaa unaowaka saa ishirini na nne, na Kadishi, dua ya wafiwa, husomwa. Kwa wale ambao siku yao haijulikani, Urabi Mkuu wa Israeli uliweka siku moja ya wote, tarehe 10 ya mwezi wa Tevet katika kalenda ya Kiyahudi. Mwaka 2010 iliangukia tarehe 17 Desemba. Nilisimama naye jikoni akiwasha, mshumaa mmoja wa baba, mmoja wa mama, ndani ya bilauri fupi. Akaniambia, macho yake hayatoki kwenye moto, "Mama yangu hakuna aliyemwosha."

Sikuwa na la kumjibu. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mwosha wa wanawake mtaani kwetu. Nililelewa nikijua kwamba hata maskini asiye na ndugu, siku ile atapatikana wa kumwosha, kumtia kafuri na kumvika sanda. Kwetu tunasema mwosha huoshwa. Sikuwahi kufikiri kuna watu ambao msemo huo uliwapita.

Mimi pia sikumwosha wangu. Mama yangu alifariki Oktoba 2009 asubuhi, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri, kama ilivyo sawa. Pasipoti yangu ilikuwa mikononi mwa watu waliokuwa wakipitia maombi yangu ya kibali. Nilipokea simu nikiwa napiga pasi mashuka ya Bi Mkubwa. Niliketi sakafuni. Yeye, ambaye miezi ile alikuwa haingii tena jikoni kwa sababu ya miguu, aliingia. Nikasikia maji yakichemka. Akarudi na yai la kuchemsha, alilolimenya mwenyewe kwa vidole vinavyotetemeka, na kipande cha mkate, bila chumvi. Akasimama juu yangu, ameshika kiti, mpaka nilipomaliza. Nilidhani ndicho chakula pekee alichoweza kupika. Kisha akaniambia nisifanye kazi wiki nzima.

Ijumaa ile ya 2011 alikuwa na siku ya nne hawezi kumeza. Bintiye alifika kabla ya jua kuzama, akiwa na begi la nguo, kwa kuwa baada ya hapo hawezi kuendesha gari wala kushika simu mpaka Jumamosi usiku. Kaka yake alikuwa Manchester na ahadi ya kuja Jumapili. Tulileta mishumaa chumbani kwenye sinia. Binti akaiwasha, akazungusha mikono mara tatu kuuvuta mwanga, akafunika macho, akasoma baraka. Bi Mkubwa alikuwa amelala chali. Nikaona mikono yake juu ya blanketi inajaribu kuinuka. Iliinuka kiasi cha vidole viwili tu, ikazunguka, ikarudi. Miaka zaidi ya sitini alikuwa amefanya hivyo kila Ijumaa.

Saa tatu usiku pumzi zilianza kukaa mbali mbali. Binti alijua, nami nilijua. Akainama sikioni mwake akasema kwa Kiebrania maneno ya Shema, ungamo la imani yao, polepole: Sikiza, Ee Israeli, Bwana, Mungu wetu, Bwana ndiye mmoja. Neno la mwisho lile, la "mmoja", ni ehad. Analivuta mtu hadi pumzi yake inaisha. Nilipolisikia nywele zilinisimama, kwa sababu Ahad ndilo neno la kwanza la kumsifu Mwenyezi Mungu nililohifadhi chuoni, katika Kulhuwallahu. Kwetu anayekata roho hutamkishwa shahada. Hapa naye hutamkishwa umoja huo huo. Binti alirudia mara nyingi. Mara moja midomo ya Bi Mkubwa ilisogea, kisha ikatulia.

Macho yalibaki wazi.

Binti aliinua mkono kuyafumba. Mkono ukafika karibu na uso, ukasita, ukarudi. Akaukamata kwa mkono wake mwingine kana kwamba ni wa mtu. "Siwezi," akasema. "Leo siwezi." Nilidhani ni woga, na woga si aibu kwa mtoto mbele ya mamake. Sikumuuliza, wala hakuniomba. Nilikwenda nikanawa mikono, nikarudi, nikasema bismillahi kimoyomoyo, nikateremsha kiganja kutoka kwenye paji la uso. Kope zilikuwa bado na ujoto. Nilizishikilia kwa ncha za vidole, nikihesabu kama nyanya alivyonifundisha, mpaka zikakubali kukaa. Nikachukua kitambaa cheupe kipya kabatini, nikakipitisha chini ya kidevu na kukifunga utosini, mdomo usije ukaachama. Nikainyoosha miguu. Nyanya alikuwa akisema fanya mapema, mwili haungoji.

Kisha nikatoka kwenye korido na kumpigia muuguzi wa zamu kwa simu yangu. Alikuja, akathibitisha, akaandika saa, akaenda. Simu ya binti ilikuwa juu ya kabati imezimwa tangu alasiri. Nilimwambia naweza kumpigia kaka yake mimi. Alitikisa kichwa. "Mwache amalize Sabato yake akiwa bado ana mama."

Saa tano taa zilizimika zenyewe, kama nilivyozitegesha. Tulikaa kwa mwanga wa korido, yeye upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili, kwa sababu maiti ya Kiyahudi haiachwi peke yake tangu roho inapotoka hadi anapozikwa. Alisoma Zaburi kwa sauti ya chini. Alipochoka alinieleza kuhusu macho. Katika Mishna, kitabu chao cha kale cha sheria, kwenye mlango wa Sabato, imeandikwa kwamba siku hiyo maiti hafumbwi macho. Unaweza kumfunga kidevu, lakini si kwa kuuinua mdomo, bali usizidi kufunguka. Unaweza kumwosha, almuradi usisogeze kiungo chake. "Nilitaka kuyafumba kuliko nilivyowahi kutaka kitu," akasema. "Na sikuweza kukuagiza."

Nikamwambia na mimi kilichonikaa kooni: kwetu angekuwa ameshazikwa au yuko njiani, na ninaogopa kumkalisha. Akasema hata wao huharakisha, kumlaza maiti usiku bila sababu ni kumvunjia heshima, ila Sabato husimamisha hata hilo. Akaniuliza sisi tunamwitaje aliyekufa. Maiti, nikasema. Akanyanyuka kitini. Kwa Kiebrania ni met. Na kaburi? Kever. Nafsi ni nefesh. Kuosha kwao kunaitwa tahara, nami nikamwambia sisi tuna twahara. Siku za matanga yao ni shiva, maana yake saba. Saba, nikasema, ni saba. Tulikwenda hivyo hadi alfajiri, neno kwa neno, mama yake akiwa katikati yetu. Sijawahi kuwa na mazungumzo mengine kama yale.

Mchana wa Jumamosi alikula. Aliketi mezani akala ile nyama na maharage na kunywa divai kidogo, machozi yakimtoka kimya, kwa sababu Sabato haivunjwi kwa msiba. Ilipofika karibu saa kumi na moja jioni na usiku umeshaingia, alichukua simu, akaiwasha, akampigia kaka yake. Nilifunga mlango.

Usiku huo walikuja watu wa chevra kadisha, chama cha maziko, wakamchukua. Mmoja wa wanawake wanaoosha alinieleza nilipomuuliza, kwa kuwa sikuwa na ruhusa ya kuwamo. Huanza na kichwa, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto. Hawapitishi kitu juu ya maiti, huzunguka. Mwishoni humwagiwa maji mfululizo, zaidi ya lita 20, mtiririko usikatike, na wao husema kwa pamoja: tehora hi, ametakasika. Sanda ni nyeupe, haina mfuko. Hawalipwi. Wanauita wema wa kweli, kwa sababu anayetendewa hawezi kuurudisha. Wakimaliza humwomba msamaha kwa jina lake, ikiwa wamemkosea katika kumshika. Nyanya yangu alikuwa akifanya kulia kabla ya kushoto vile vile. Msamaha sikumbuki kama aliomba kwa sauti.

Jumatatu ofisi ya kusajili vifo ilifunguliwa, karatasi zikapatikana, na mchana tulikwenda makaburi ya Bushey, Hertfordshire. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Nilikuwa na miaka 38 na sikuwahi kusikia udongo ukiangukia jeneza. Lilikuwa sanduku la mbao tupu, bila nakshi. Kabla ya hapo ndugu wawili walikatwa nguo upande wa moyo, kisha wakaipasua kwa mikono yao wenyewe. Sauti ya kile kitambaa ilisikika ukumbi mzima. Watu walifukia wenyewe, na aliyechoka hakumkabidhi mwenzake koleo, alilichomeka kwenye udongo na mwingine akalichukua. Kaka akasoma Kadishi kwa Kiaramu. Binti wa Bi Mkubwa alikuwa ameniambia usiku ule kwamba ndani yake hamna neno la kifo hata moja, ni kumtukuza Mungu tu, na nilisikiliza mpaka mwisho nikitegea.

Tulirudi nyumbani tumenawa mikono. Vioo vilikuwa vimefunikwa kwa mashuka yangu ya pasi. Chama kilikuwa kimeleta viti vifupi vya wafiwa, na kaka na dada wakakaa, magoti juu. Jikoni jirani mmoja, mama wa makamo, alikuwa ametangulia kuingia na bakuli. Lilikuwa na mayai ya kuchemsha, na pembeni mikate midogo. Nikamwambia kuna chakula kingi kwenye friji, niwapashie.

"Hapana," akasema. "Mfiwa akitoka kuzika, chakula cha kwanza hali cha kwake. Jirani ndiye humletea. Yai, kwa sababu ni mviringo. Na halina mdomo, kama yeye, hana la kusema."

Nilishika ukingo wa sinki, lile la nyama, mpaka nikapata pumzi. Kisha nikachukua sahani, nikachagua yai moja, nikalimenya. Sikutia chumvi. Nikampelekea binti ukumbini, nikasimama kando ya kile kiti kifupi, na sikuondoka mpaka alipolimaliza.