Siku ya muuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye, Kisumu: sala, daftari na gorogoro

Saa kumi na moja alfajiri. Simu siigusi. Ujumbe wa deni ukisomwa kabla ya sala, sala yote hugeuka hesabu. Nakaa kitini, maana kitandani usingizi hurudi, nasoma zaburi moja kwa sauti ya chini. Siku za dhiki huwa ya 13: ina aya sita tu, inaanza kwa kuuliza "hata lini" na kumalizia kwa wimbo. Dakika kumi zatosha.

Kisha daftari, na hapa ndipo penye kazi. Nachora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto ni yale ambayo mkono wangu unaweza kuyafanya leo, kulia ni yaliyo nje ya uwezo wangu. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazivuti omena, mashua hurudi nyepesi na bei ya ufuoni hupanda: hilo liende kulia. Kumpigia anayenidai na kumwambia Ijumaa nitatoa mia tano, siyo elfu: kushoto. Wengi huomba "Bwana, niondolee mzigo" bila kuutaja, halafu wanashangaa kuona umebaki palepale. Wafilipi 4:6 yasema haja zijulikane na Mungu, kwa hiyo itaje kwa jina na kiasi: karo imebaki elfu nne, mtoto ana kikohozi. Ya kulia namtwika yeye, kama 1 Petro 5:7 inavyoagiza. Sokoni neno hilo halihitaji mhubiri. Ukishamtwika mtu gunia kichwani, unaondoa mikono.

Saa moja, kununua na kupakia. Saa mbili meza iko tayari.

Saa nne wateja wamejaa na maneno yamekuwa makali. Mmoja anadai gorogoro, kopo la kupimia, haikujaa, mwingine anataka kukopa juu ya deni la juzi. Kabla ya kujibu, navuta pumzi nikihesabu hadi nne, naitoa taratibu hadi sita, na moyoni nasema alilolia kipofu Bartimayo: Yesu, unirehemu. Mara tatu, macho wazi, mikono ikiendelea kupima. Kosa ni kungoja hadi hasira ipande. Sala hii hufaa mabega yanapoanza kukaza. Na kama kweli gorogoro haikujaa, ongeza omena. Hakuna sala inayochukua nafasi ya kipimo cha haki.

Saa saba ni chakula, hata mauzo yakiwa mabaya. Wapo wanaohesabu njaa ya namna hii kuwa kufunga. Kufunga hupangwa, huku ni kujisahau tu, na jioni hulipwa kwa kuwafokea watoto. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliomba afe. Kabla ya kuambiwa lolote juu ya kazi yake alilala, akapewa mkate na maji, akalala tena, akalishwa tena. Ugali, mboga, maji vikombe viwili, na robo saa ya kukaa bila simu.

Saa tisa mawingu hujikusanya. Omena iliyoanikwa hukunjwa pamoja na wavu wake mara moja, kwa sababu ikilowa huoza na kunuka. Sala wakati huo ni fupi, miguu ikikimbia.

Saa kumi na mbili, kabla ya kuachana, dada wa meza ya pili nami twaambizana jambo moja moja na kuombeana kwa majina. Anayekosa usingizi au hamu ya kula kwa wiki mbili, au anayetamani kufa, asiachiwe maombi peke yake. Aliye na wazo la kufa apelekwe hospitali siku hiyohiyo, mtu akimsindikiza, na maombi yaendelee huko.

Saa tatu usiku simu inachajiwa sebuleni. Nafungua daftari tena. La kushoto lililobaki naliandika chini ya tarehe ya kesho, kwa kuwa Mathayo 6:34 imeigawia kila siku taabu yake. Ya kulia nayasoma mara moja tu, kwa jina. Nasoma Zaburi 4:8, ile ya kulala kwa amani, kisha nazima taa.