Ni maji tu

Neno lenyewe ni "tu", lina herufi mbili, na tangu Jumapili jioni linanilia sikioni kama mbu aliyeingia ndani ya chandarua.

Wiki hii tumehamia jengo jipya, Hamisi hatimaye kaoa, Matroni kastaafu kwa keki na machozi. Hayo siku nyingine. Leo nina simu ya dakika moja.

"Shikamoo sista."

"Marahaba. Waendeleaje?"

"Naendelea vizuri. Ila upande wa kushoto kuna kitu kinacheza. Nikibonyeza huku kinatokea kule, kama puto lenye maji."

"Ni maji tu, mdogo wangu. Mwili utayanyonya wenyewe."

"Maji tu?"

"Maji tu."

Huyo ni kijana wa sweta, mnamkumbuka: aliyekuwa anakuja kliniki na sweta zito mwezi wa pili, jua la Dar linayeyusha lami, ili watu wasione kifua chake kilichoota matiti. (Kaniruhusu niandike, mradi nisitaje jina wala mtaa.) Upasuaji wa kuyatoa ulishafanyika. Jumapili ilikuwa siku ya 12.

Kwa kitabu sikukosea. Daktari alifyonza mafuta kwa mrija, kisha akachana nusu mwezi kwenye ukingo wa chini wa duara jeusi la chuchu, akatoa tezi yenyewe ya titi, kipande cheupe kigumu kama nyama ya nazi iliyokomaa. Akaacha kisahani cha unene wa kama sentimita moja nyuma ya chuchu, maana ukiikomba yote, kifua hubonyea kama kisosi. Palipotolewa kitu hubaki uwazi, na mwili haupendi uwazi, huujaza maji. Yakiwa kidogo hunyonywa bila mtu kuyagusa.

Kinachotutisha sisi ni damu, nayo huwahi. Saa 24 hadi 48 za mwanzo, upande mmoja unavimba ghafla na kukaza kama ngoma iliyoota moto, maumivu yanaishinda dawa, ngozi inageuka zambarau. Mtu wa namna hiyo haambiwi asubiri asubuhi, anarudishwa thieta usiku huohuo. Maji huja kwa adabu, mwishoni mwa wiki ya kwanza au katika ya pili. Hayaumi sana. Yanacheza tu.

Ona, nimeliandika tena.

Tatizo ni yale ambayo sikuyauliza. Uvimbe una ukubwa gani, ndimu au chungwa? Tangu asubuhi umekua? Ngozi juu yake ina joto au wekundu? Homa? Fulana ya kubana umeivaa sasa hivi? Maswali matano, nusu dakika. Mimi nilipomwambia "maji tu" nilimaanisha si damu. Yeye alisikia: endelea na shughuli zako.

Na aliendelea. Jumatatu alfajiri akapanda daladala la Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, kasimama, mkono wa kushoto umeshika bomba la juu, konda akiwasukuma nyuma nyuma. Saa nzima na ushee. Mkono ukiinuka juu ya bega, ngozi ya kifua inavutwa juu huku msuli chini yake ukienda njia yake, na ule utando mwembamba uliokuwa umeanza kuvishikanisha unabanduka. Kila ukibanduka, maji yanaongezeka. Ndiyo sababu tunasema wiki tatu mikono isipande juu ya mabega na mtu asinyanyue zaidi ya kilo mbili tatu. Ndoo ya maji ya lita 20 ni kilo 20, msinihesabie kama kazi ndogo ya nyumbani. Bodaboda nayo ni hivyo hivyo, iwe unaendesha au umebebwa, maana kila tuta unalipokea kwa kifua. Anayeswali aswali amekaa, asiuegemeze mwili kwenye viganja.

Na fulana? Aliianika kambani. Joto lilikuwa kali, na si nimeambiwa ni maji tu.

Fulana ndiyo nusu ya upasuaji. Kazi yake ni kuukandamiza ule uwazi ili kuta zake zigusane na kushikana. Huvaliwa usiku na mchana wiki tatu za mwanzo, inavuliwa wakati wa kuoga na kufuliwa, kisha mchana pekee hadi wiki ya sita. Zinunuliwe mbili, moja ikikauka nyingine iko mwilini. Kipimo chake: vidole viwili vipite kwa taabu kati ya kitambaa na ngozi, na uweze kuvuta pumzi hadi mwisho. Ikibana kupita hapo, mtu anapumua juu juu na usiku anaivua bila kujijua. Ikijikunja, ule mkunjo unachora mfereji kwenye ngozi iliyovimba, na mfereji wa wiki mbili haufutiki haraka. Kwa joto letu ongeza singileti nyembamba ya pamba ndani yake, la sivyo jasho linazaa fangasi makwapani. Poda msipake karibu na kidonda.

Alhamisi akaja. Niliona uvimbe kabla hajakaa. Chungwa, tena la Muheza.

Akakaa kitandani, akanitazama, akasema polepole, "Sista, yale maji tu yameongezeka."

Nilicheka hadi gozi, vile vitambaa vya kufungia kidonda, zikanidondoka. Sikujua kama nilikuwa na haki ya kucheka, lakini na yeye alicheka huku kajishika ubavu, maana kucheka nako kunavuta. Tangu hapo mambo yakawa mepesi. Wahenga wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalizoleka, kwa bomba la sindano la mililita 20. Daktari alisafisha ngozi kwa dawa, akachoma sehemu ya chini ya uvimbe ambako ngozi bado ina ganzi, hata kijana hakukunja uso. Bomba la kwanza likajaa, la pili likajaa, la tatu likaishia 12. Mililita 52. Rangi ya mafuta ya alizeti, safi, bila harufu. Yangekuwa mekundu mazito tungefikiria damu. Yangekuwa na ukungu na harufu tungefikiria usaha, na hapo safari ni ya maabara na antibayotiki. Tukaweka pedi ya gozi iliyokunjwa mara nne palepale, fulana juu yake, arudi baada ya siku tatu. Huenda yakajaa tena, yakatolewa mara mbili au tatu, kila mara kidogo kuliko mwanzo. Asitokee fundi wa kujitoboa nyumbani kwa sindano ya dukani. Utaingiza vijidudu kwenye chumba chenye giza, joto na maji, na wao hawahitaji zaidi.

Mama yake alikuwa mlangoni na chupa ya chai. "Mwanangu, mimi nilitaka kumkanda na maji ya moto, amenikatalia." Mama, kakataa vizuri. Ngozi ile haina hisia, inaweza kuungua na mwenyewe hajui hadi malengelenge yatokee. Barafu nayo ina shida hiyohiyo, igandishe chuchu isiyosikia uone. Kama lazima, iviringishwe taulo, dakika kumi, ubavuni, chuchu iachwe. Kumkanda kwa mapenzi kutakuwepo baadaye, kuanzia wiki ya nne kidonda kikiwa kimefunga: vidole viwili, mafuta kidogo, kuzunguka lile donge gumu nyuma ya chuchu, dakika tano asubuhi na jioni. Lile donge linawatia watu kiwewe, wanadhani tezi imerudi. Ni kovu la ndani, hulainika ndani ya miezi mitatu hadi sita. Ile ganzi nayo ina ratiba ya miezi, na kabla haijaisha hupita kwenye mchonyoto kama wa umeme, shati likigusa mtu anaruka.

Halafu akauliza alilokuja nalo hasa: "Na hii rangi ya tumboni?" Zambarau iliyoteremka hadi karibu na kitovu, pembeni kijani, kingo za njano. Hiyo ni damu ya siku ya kwanza inayoshuka chini ya ngozi kwa uzito wake, na mwili unaivunjavunja rangi moja baada ya nyingine. Njano ni habari njema. Nilimwambia hivyo kwa sentensi nzima, na "tu" nikaimeza.

Nyuzi zilishatoka siku ya 10. Kovu naliangalia kwa jicho la pili, maana ngozi zetu na kifua ni marafiki wa zamani wa keloidi, yale makovu yanayovimba. Likianza kuwasha na kuinuka, asingoje liwe kamba. Kuna plasta za silikoni, na kuna sindano ya triamsinoloni, dawa ya kulitandaza kovu, ikibidi. Majibu ya kile kipande yametoka maabara, hayana tatizo. Tunapeleka kila kipande hata cha kijana wa miaka 23, kwa sababu saratani ya titi huwapata wanaume pia, kama 1 katika kila 100 za aina hiyo. Hakukuwa na dawa ya kulaumu kwa kumwotesha matiti: hakutumia spironolaktoni (ya moyo na presha), wala efavirenzi (ya VVU), wala sindano za kujaza misuli. Hali hii ya matiti ilimwanza akiwa na miaka 14. Kwa wengi huondoka yenyewe ndani ya miaka miwili. Ikishapita hapo, tezi inageuka nyuzinyuzi ngumu, na hakuna pushapu itakayoiyeyusha, ingawa kapiga pushapu miaka saba kwa ushauri wa kila mwenye mdomo.

Wakati wa kuondoka alivaa fulana yake ya kubana, na juu yake tisheti nyeupe nyepesi, ile ambayo upepo ukivuma inalala mwilini. Sweta halikuwepo. Mama yake aliitazama ile tisheti hadi korido ilipokatika.

Jumapili anarudi. Nimeshayaandika maswali yangu matano nyuma ya kadi yake.

Mvua ya jana imelegeza udongo nyuma ya nyumba, na mwembe umeanza kuegemea upande wa jirani, Mzee wa kuku, mtu wa maneno. Tawi kubwa liko juu kabisa ya banda. Fundi wa kukata anataka elfu themanini, na kasema hawezi kuja kabla ya Jumatano.