Siku moja maishani mwangu: nakuja, dakika tano tu

Saa 10 na nusu alfajiri niko chooni tayari. Sio kwamba nawahi kuamka, utumbo ndo unaamka, na hauji mara moja unakuja kwa mafungu, unarudi kitandani hujavuta shuka unaitwa tena, hadi saa 12 nimeshaenda mara nne au tano. Watu wananiambia "si ulishapona, hata ule mfuko wa choo wa kubandika tumboni walikutoa?" Ndio, nilitolewa mwaka juzi nikafurahi kama bibi harusi. Ila kansa yangu ilikuwa chini kabisa ya utumbo, karibu na njia ya haja kubwa, na pale palipokatwa ndo palikuwa stoo ya choo. Sasa stoo hakuna, mionzi nayo imekakamaza kilichobaki, mzigo ukifika unataka kushuka hapo hapo.

Kidonge cha kufunga tumbo alichonipangia daktari, nusu saa nasubiri, mkate mweupe na chai ya rangi. Maharage tulishaachana. Daladala kutoka Kongowe, siti ya mlangoni, saa 1 na nusu nafungua kibanda changu cha uwakala wa pesa za simu Mbagala, kuweka, kutoa, umeme wa luku, kuweka, kutoa, mpaka saa 4.

Saa 5 kasoro akaja baba mmoja anatoa laki nne. Keshi ipo, shida vidole. Dripu za kemo, zile dawa za kansa, ziliniachia ganzi kwenye vidole na nyayo, ni kama nahesabu hela nimevaa glavu, kwa hiyo nahesabu kwa macho, moja moja, naweka mezani kumi kumi. Baba anahema. "We mama, kazi umeanza leo?" Nikanyamaza, mwaka wa tisa huu niko kwenye hiki kibanda.

Nimefika noti ya 27 tumbo likaniita. Nyie wenye tumbo zima mkibanwa mna muda wa kujadiliana nalo, mimi nina dakika mbili, na hapo hata sijui kama ni hewa au ni chenyewe. Nikabana, jasho mgongoni, nikamaliza 40 nikampa. Akaanza kuhesabu yeye, kwa kulamba kidole! Katikati simu ikaita, akapokea, akaongea habari za mabati ya nyumba yake Mkuranga, akasahau alipofika, akaanza upya. Na mimi siwezi kuondoka, akisema imepungua nimekwisha. Nikamwambia baba samahani naomba dakika tano. "Unataka kunikimbia na hela yangu?" Hela yako si unayo mkononi baba yangu jamani!

Jirani yangu fundi cherehani akatoka na tepu shingoni, wala hakuuliza. "Nenda dada, nahesabu naye mimi."

Choo cha sokoni ni hatua 80, nazijua. Kijana wa mlangoni namlipa ya wiki nzima kila Jumatatu, maana ukianza kutafuta mia mbili kwenye pochi umechelewa. Na leo nilichelewa kidogo. Ndo maana navaa pedi, na kwenye mkoba kuna nguo ya ndani ya akiba, chupa ya maji na mafuta ya mgando. Tishu nimeacha, ngozi ilishachoka, ni maji, unakausha taratibu bila kusugua, unapaka.

Narudi nakuta baba kaondoka na fundi kashika elfu kumi. Noti zilikuwa 41, mbili mpya zilishikana. Kamisheni yangu ya asubuhi nzima haifiki hiyo noti. Nikakaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikaitwa tena.

Baada ya hapo saa sizikumbuki vizuri. Nilienda mara ya pili, ya tatu, kuna mteja aligonga dirisha weee akaenda kwa wakala mwingine, sawa tu. Chakula cha mchana nilikula saa 10, wali na samaki, kidogo, maana nikishiba tumbo linaamka upya. Jioni foleni, miguu inawaka moto, kiti nacho kigumu.

Saa 3 usiku niko nyumbani na daftari. Daktari alisema niandike kila ninapoenda, nami daftari ninalo moja tu, la kazi. Floti ya kwenye simu na keshi vimekubaliana hadi shilingi. Ukurasa wa kushoto miamala, 63. Wa kulia choo, 11. Jana ilikuwa 14.