Siku moja na waigizaji wa vitabu teule: Kaloleni, Maragua, Mwea

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni mwigizaji, swali linalofuata huwa ni la runinga: unaonekana chaneli gani? Sionekani chaneli yoyote. Nimo katika kundi dogo la jukwaani hapa Nairobi, watu kumi na mmoja, na riziki yetu ni kuzunguka shule za upili tukiigiza tamthilia teule, ile wanayotahiniwa katika Karatasi ya Tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa mwisho wa shule za upili Kenya. Wazazi wanatujua kwa shilingi 150 ambazo mtoto ameomba "za drama". Baadhi ya walimu wanatuchukulia kama burudani ya mchana. Wenzangu niliosoma nao huniuliza nitaacha lini kucheza nitafute kazi. Nawaandikia hawa wote jinsi Jumatano yetu moja ya mwezi wa tano ilivyokwenda.

Saa kumi alfajiri. Niko kwenye ukumbi wa jamii wa mtaa wa Kaloleni, hapa Nairobi, ambako masanduku yetu ya maleba, yaani mavazi ya jukwaani, hulala. Mimi ndiye mama mgonjwa jukwaani, ndiye mtunza maleba nje ya jukwaa, na daftari la hesabu pia liko kwangu. Katika kundi dogo hakuna mtu wa kazi moja. Kijana anayeigiza mume wangu ndiye fundi wa spika, na binti anayeigiza jirani ndiye anayepigia walimu simu kutafuta nafasi. Nahesabu leso, koti la mzee, miwani, godoro jembamba, ufagio, sufuria. Kitu kikisahaulika hapa, kilomita mia moja mbele hakipatikani.

Saa kumi na moja. Barabara ya Thika, matatu ya viti 14 ya kukodi. Wageni wawili wa kundi, waliotoka shule juzi tu baada ya kuvuma kwenye tamasha za drama, wanakimbiza mistari kwa sauti ya chini, macho yamefumbwa. Mmoja wao anauliza nani alianzisha mambo haya ya kubeba maigizo kwenye gari. Mwelekezi wetu hupenda sana swali hilo. Anawaambia kuhusu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, ambao kuanzia mwaka 1965 walizunguka na michezo ya jukwaani, wakiwaigizia watu bure mahali walipo badala ya kuwangoja mjini, kwa Kiingereza na kwa lugha za Kiafrika. Anawaambia pia kuhusu Kamiriithu, pale Limuru, ambapo wanakijiji walijijengea ukumbi wa wazi, wakaigiza kwa Kikuyu mwaka 1977, serikali ikafuta kibali, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Hadithi hiyo nimeisikia mara nyingi na bado huwa naisikiliza. Inanikumbusha kwamba watu wenye nguvu hawahangaiki kubomoa kitu kisicho na maana.

Saa tatu asubuhi. Shule ya wasichana upande wa Maragua. Kuna jukwaa, kuna pazia, mwalimu wao wa fasihi amewasomesha kitabu kizima kabla ya sisi kufika. Onyesho lilikwenda kama tulivyolifanyia mazoezi. Saa sita tulikuwa tumeshalipwa na tuko barabarani.

Niseme tu tunachofanya, maana wengi hudhani tunasoma kitabu kwa sauti. Karatasi ya Tatu ina alama 80, maswali manne ya alama 20, na tamthilia haikosi. Swali la dondoo, yaani maneno ya mhusika yaliyonukuliwa kitabuni, huanza karibu kila mara kwa kudai muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, na kisa chenyewe ni nini. Alama nne. Mwanafunzi anayekariri muktadha kutoka kwenye mwongozo huuchanganya akiingia chumba cha mtihani, kwa sababu kwake yale ni maneno tu kwenye karatasi. Aliyemwona msemaji amesimama mlangoni, na msemewa amempa mgongo, hauchanganyi. Ndiyo maana tunashindana kwenye mazoezi hadi usiku juu ya nani asimame wapi. Mahali pa mtu jukwaani ndipo mwanafunzi anapokwenda kumtafuta akilini mwake mwezi wa kumi na moja.

Chakula cha mchana kilikuwa chapati madondo Makutano, tukala tumesimama, tukaendelea.

Saa saba na nusu. Mwea. Mashamba ya mpunga yamejaa maji pande zote mbili za barabara, na mawingu yameshaanza kujikusanya upande wa mlima. Onyesho ni saa nane, shule ya wavulana. Langoni soja anapekua kitabu chake cha wageni na kutuambia hatumo. Mwalimu aliyetualika ameitwa kwenye semina na simu yake haishiki. Soja ni mtu mwema, anatuachia benchi yake, lakini kutufungulia hawezi. Tunakaa. Saa nane inapita tukiwa nje ya lango. Waigizaji wameshavaa nusu ya maleba ndani ya gari, jasho linawatoka, na mimi nafanya ile hesabu ya kichwani ya mafuta na gari la kukodi endapo tutarudishwa.

Saa tisa kasorobo akaja naibu wa mwalimu mkuu.

"Nyinyi ndio watu wa drama?"

"Ndio sisi, mwalimu. Habari ya mchana."

"Mnachukua muda gani?"

"Saa moja na dakika arobaini, pamoja na maswali ya wanafunzi."

"Hapana. Nina dakika arobaini. Wachezeeni zile dondoo zinazokuja kwenye mtihani, mengine watajisomea."

Nimeshawahi kuambiwa hivi, na kila ninapoambiwa huniuma upya. Hakuna anayejua dondoo zitakazokuja. Na hata tungejua, maneno ya mama mgonjwa katika onyesho la mwisho yana uzito kwa sababu ya yale aliyovumilia katika onyesho la kwanza. Ukiyakata ukayaleta peke yake, ni mwanamke aliyelala kwenye godoro akilalamika. Nilimweleza hivyo, kwa heshima, nikizungumzia alama za mtihani kwa sababu ndizo alizozitaka. Akatazama saa yake.

"Madam, hawa watoto wanahitaji alama. Hawahitaji sinema."

Mwelekezi wetu ni mtu mzima, na ana sauti ambayo haipandi. Akasema, "Mwalimu, hata sisi tumefuata alama. Tupe nafasi tuanze. Ikifika dakika ya arobaini uone hakuna wanachojifunza, utusimamishe wewe mwenyewe, na usitulipe hata shilingi."

Moyo wangu, kama mshika hesabu, ulipiga kwa nguvu. Naibu akafikiri kidogo, akamwambia soja afungue.

Ukumbi ulikuwa bwalo la chakula. Meza zilikuwa bado na githeri ya mchana. Hakuna aliyetuambia tusafishe, lakini huwezi kumlaza mama mgonjwa juu ya githeri, kwa hiyo waigizaji wote, wakiwa na maleba yao, wakabeba meza, wakafagia kwa ufagio ule ule wa jukwaani, wakapiga sakafu maji. Karibu saa kumi wavulana wapatao 300 wa Kidato cha Tatu na cha Nne wakaingia na madawati ya bwalo yakajaa. Tukaanza.

Mvua ikaanza pia. Kama hujawahi kukaa chini ya mabati ya bwalo mvua ya Mwea ikinyesha, ni vigumu kukueleza. Mwigizaji anafungua mdomo na hata aliye hatua mbili kutoka kwake hamsikii. Kisha stima ikapotea na spika zikafa. Mimi niko chini kwenye godoro, naigiza mtu ambaye pumzi inamwishia. Mgonjwa hapigi kelele. Nikipaza sauti, nimemuua mhusika wangu. Nisipopaza, wavulana 300 wanatazama midomo ikicheza, na dakika za naibu zinakwenda.

Kwa hali kama hii tuna mpango, na tumeufanyia mazoezi Kaloleni vijana wakipiga madebe makusudi. Mwelekezi alipiga makofi matatu kutoka pembeni. Wote tukaganda pale tulipokuwa. Halafu, bila mtu kutoka katika uhusika wake, wawili wakanibeba na godoro langu hadi katikati ya bwalo, na wengine wakawaashiria wavulana wasogee, wa mbele wakae sakafuni, wa kati kwenye viti, wa nyuma wapande mezani. Ndani ya dakika mbili tulikuwa na duara, kama watu wanaotambiwa ngano, na mimi katikati. Kutoka hapo kila mstari nikautoa tumboni, polepole, neno moja moja, nikiwageukia upande huu kisha ule. Mvua ikizidi tunaganda tena tunangoja. Ikipungua tunaendelea. Onyesho la saa moja na robo lilikuwa linarefuka, mgongo wangu umelowa maji ya sakafu, goti linauma. Lakini wavulana walikuwa wananyamazishana wenyewe. Mtu akikohoa anageukiwa.

Dakika ya arobaini ilipita. Nilimtafuta naibu kwa jicho la pembeni nikamwona yuko madirishani, anawafukuza wanafunzi wa Gredi ya 10, wa mfumo mpya wa elimu, waliokuwa wamesimama mvuani, wamekwea ukingo wa dirisha wanachungulia. Tamthilia hii si yao, hawataitahiniwa. Aliwafukuza, wakarudi. Akawaacha. Hakutusimamisha.

Mvua ilipokatika tukafanya maswali. Mwelekezi anasoma dondoo, wanafunzi wanajibu. Walijibu vizuri, na swali la wako wapi walilipata hata ambao hawakuwa wamemaliza kitabu, maana walikuwa wanaelekeza kidole: "Alikuwa hapo!" Kijana mmoja wa nyuma akainua mkono, nikadhani ni swali la mtihani.

"Madam, nani alikufunza kuinuka hivyo? Unavyoshika goti kwanza halafu ukuta. Nyanya yangu huinuka hivyo hivyo."

Nikamwambia ukweli, kwamba nilimuuguza nyanya yangu na nikamtazama sana. Akatikisa kichwa akaketi. Nimefika Kitui, Kisii, Nyeri na kwingine kwa kazi hii, na ningependa wanaotuita watu wa kucheza wawe wamemwona kijana huyo anavyoketi.

Baada ya hapo ikaja fedha. Kiongozi wa wanafunzi alikuwa amekusanya za Kidato cha Nne, tukakabidhiwa. Za Kidato cha Tatu zilikuwa ofisini kwa mhasibu, na mhasibu alikuwa ametoka na ufunguo. Naibu akasema tutatumiwa kwa M-Pesa Ijumaa. Akatushukuru, akanishika mkono, akaomba tarehe ya mwaka ujao. Kuhusu zile dakika arobaini hakuna aliyesema kitu. Nikaandika kwenye daftari deni, jina lake na cheo chake, nikamwomba atie sahihi. Akatia.

Saa zilianza kunipotea hapo. Giza lilikuwa limeingia tulipofika Makutano, na foleni ya Thika sikuiona kwa usingizi. Najua tu kwamba tulihesabu pesa kwa tochi ya simu, garini. Gari, mafuta, chakula, na fungu la chama, ambalo halikatwi hata siku ikiwa mbaya kiasi gani. Mwezi huu chama kinampelekea mwenzetu aliyejifungua wiki iliyopita. Hayuko jukwaani lakini yuko kwenye mgao, na itakuwa hivyo hadi arudi. Kilichobaki kikagawanywa sawa, mwelekezi na mgeni wa juzi kiasi kimoja: shilingi 700 kila mtu, mpaka Ijumaa.

Kaloleni taa za ukumbi zilikuwa zinawaka. Jumatano jioni ni zamu ya vijana wa mtaa, na wenzetu wawili wasiosafiri ndio huwafunza. Wanatengeneza mchezo wao wenyewe kuhusu foleni ya maji mferejini, na mama wa mtaa waliokuja kuchukua watoto huishia kukaa na kuwakosoa: "Hakuna anayebeba mtungi hivyo!" Watoto wanarudia hadi mtungi unabebwa sawa. Jioni kama hiyo haina kiingilio wala malipo. Tunapewa ukumbi kwa bei ya chini, na vijana wa mtaa ndio waliotulindia masanduku miaka yote.

Tukafanya kikao kifupi tukiwa wima, kwa sababu aliyeketi angelala. Ajenda ilikuwa wale watoto wa dirishani. KCSE ya mwisho ya 8-4-4, mfumo wa zamani wa elimu, ni ya mwaka 2027, na baada ya hapo Kidato cha Nne hakutakuwa tena. Kundi linaloishi kwa kitabu teule cha Kidato cha Nne lina mwaka huu na ujao. Lakini katika shule za sekondari pevu za mfumo mpya, zinazoanzia Gredi ya 10, kuna mkondo wa sanaa na michezo, na ndani yake somo la uigizaji na filamu. Wengine wanaogopa. Kijana wa spika alisema shule nyingi hazitakuwa na mwalimu wa somo hilo, na walimu watahitaji watu wanaojua kubeba godoro hadi katikati ya bwalo mvua ikinyesha. Nilikubaliana naye kuliko nilivyowahi kukubaliana naye jambo lolote.

Tukaamua haya. Kuanzia wiki ijayo Gredi ya 10 wataingia ndani bila malipo, wakae mbele, shule ikikubali. Baada ya kila onyesho mmoja wetu atabaki nao nusu saa kuwaonyesha duara, kuganda, na sauti ya tumboni. Na binti yetu wa simu ataandika kwenye ujumbe wa kwanza kabisa anaomtumia mwalimu: tunahitaji muda wa saa mbili nzima, bwalo lililosafishwa, na mtu mmoja wa shule anayejua kwamba tunakuja.

Nikafunga masanduku. Leso moja ilikuwa imelowa, nikaondoka nayo nikaianike nyumbani, maana Alhamisi tulikuwa na shule Machakos saa mbili asubuhi.