Kumbukumbu ya mradi: APT inapotaka kuondoa programu zilizopo

Kompyuta ya chumba cha kujisomea hapa Mikindani bado inatumia mfumo endeshi wa Debian 12, na wiki hii nimeanza kuiandaa kwa ajili ya Debian 13. Kabla bando halijaliwa na upakuaji mkubwa, niliendesha amri ya kupandisha mfumo mzima, apt full-upgrade (APT ni programu ya Debian ya kusakinisha na kuondoa programu), pamoja na -s, ambayo huonyesha kitakachotendeka bila kugusa chochote.

Orodha ya vifurushi (programu na sehemu zake, kama Debian inavyozisambaza) vya kuondolewa ilikuwa ndefu ya kutisha, ingawa sehemu kubwa si hasara. Kwa mfano, libssl3, maktaba ya msimbo unaotumiwa na programu nyingine, inatoka kwa sababu libssl3t64 inashika nafasi yake. Debian ilibadili majina ya maktaba nyingi za programu ilipoanza kuhifadhi saa kwa biti 64 kwenye mashine za biti 32, ili kuepuka ukomo wa mwaka 2038, ambapo hesabu ya saa ya biti 32 inajaa, na jina jipya likatumika hata kwenye mashine za biti 64 kama hii yetu.

Kilichonisimamisha ni programu ya kupanga alama za wanafunzi, iliyotoka katika hazina ya nje, yaani isiyo ya Debian. Kifurushi chake kinadai python3 (lugha ya programu ya Python) iliyo chini ya toleo la 3.12, Debian 12 ina 3.11, lakini Debian 13 inaleta 3.13. Masharti hayo hayawezi kutimizwa pamoja. Amri ya apt upgrade, ambayo haiondoi kifurushi chochote, ingeizuia python3 isipande, ilhali full-upgrade inaruhusiwa kuondoa kinachoziba njia, nayo imechagua kuitoa programu yetu. Kwa maoni yangu haijakosea: imefuata masharti yaliyoandikwa na mtengenezaji mwenyewe.

Kundi la mwisho ni la autoremove, yaani vifurushi ambavyo APT inaona havihitajiki tena. APT hukumbuka, katika /var/lib/apt/extended_states, vifurushi vilivyoingia kwa kufuata vingine. Ni wageni wa mgeni, na mwenyeji wao akiondoka, huonekana havina kazi, isipokuwa kama kifurushi kingine kilichopo bado kinavitegemea au kuvipendekeza. Humo nilikuta poppler-utils, tunayoitumia kila mara kutoa maandishi kwenye faili za PDF, kwa hiyo nimeiandikisha kwa apt-mark manual poppler-utils.

Nimemwomba mtengenezaji wa programu ya alama atoe kifurushi kinachokubali Python 3.13. Hadi kitakapopatikana, kompyuta itabaki na Debian 12, ambayo imepangiwa marekebisho ya usalama hadi Juni 2028.